Mwimbaji tumemjua, mwitikiaji yuko wapi?

Kwa jadi ya Wasukuma, mashindano ya ngoma hayahitaji jaji mwenye kalamu na karatasi ya alama. Makundi mawili hupewa uwanja mmoja, kila moja upande wake, yakaanza kucheza kwa wakati mmoja. Watu wanazunguka. Wanatazama hapa kidogo, wanasikia vifijo vya kule, wanahama. Kule kukipoa wanarudi. Siku ikiisha, kundi lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda, na lile lililoachwa likicheza peke yake halina pa kukata rufaa.

Utaratibu huu ni wa zamani. Makundi makuu mawili ya ngoma Usukumani, Bagika na Bagalu, yanajinasibu na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali kuliko mwenzake, na ubishi wao ukaishia uwanjani. Hadi leo, kila mwaka mwezi wa Juni, sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, huwakutanisha wacheza ngoma waje wapimane. Dawa ya kuvuta umati bado inatajwa sana. Mimi hiyo nawaachia wenyewe. Ninachokiona ni kwamba mtu anayejua watazamaji wake wanaweza kuondoka dakika yoyote hawezi kurudia ya mwaka jana. Ndiyo maana Bayeye, wale wacheza na nyoka, walileta chatu uwanjani, wengine wakaja na fisi, wengine na vinyago, na wachezaji wa bugobogobo wakalichukua jembe la kulimia wakalifanya kitu cha kurushwa juu na kudakwa bila mdundo kuyumba.

Nimeanzia Usukumani kwa sababu kule jambo linaonekana waziwazi: aliyesimama pembeni ana kazi. Akihama, ngoma inabadilika. Kwetu mjini, tukitaja ubunifu wa mtaani, akili inakimbilia kwa mwenye kipaji. Tunaandaa mashindano ya kusaka vipaji, tunagawa tuzo, tunafungua mifuko ya kuwakopesha wasanii, na yote hayo yanamlenga mtu mmoja aliyeshika kipaza sauti. Sina ugomvi naye. Lakini anayeifanya ngoma iwe ngoma ni yule wa pembeni anayepiga makofi na kupokea, na huyo hayumo katika sera yoyote, hana kitambulisho cha usanii, na asipokuja hakuna anayeandika kwamba hakuja.

Tazama tungo la papo kwa papo linavyozaliwa. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anatoa mstari. Umati unaupokea kwa kiitikio kilekile ambacho umekiimba tangu saa tatu za usiku. Kwa mgeni ni marudio ya kuchosha, na wageni wengi waliowahi kuandika kuhusu ngoma zetu walilalamikia hilo. Kwa manju, kiitikio ndiyo nafasi ya kuvuta pumzi na kusaka kina. Wenzake wakiimba, yeye anatupa macho uwanjani: nani kaingia, nani kavaa nini, nani hamtazami nani. Kiitikio kikiisha, ubeti mwingine uko tayari mdomoni. Watu husema kipaji kimeshuka. Kipaji kipo, sikatai, ila kilipewa muda na watu arobaini waliokubali kurudia maneno yaleyale kwa saa nne bila kuchoka.

Kiitikio kina kazi ya pili. Mstari ukiwa mtamu, hurudi umebebwa na vigelegele, na manju anajua aendelee na njia hiyo. Ukiwa chapwa, kiitikio kinakuja kama watu wanaotimiza wajibu, na manju mwenye akili anageuza mada hapohapo. Na ukiharibika kabisa, kina kikikosekana au ulimi ukiteleza, kiitikio kinaufunika kabla aibu haijapata nafasi ya kukaa. Ndiyo maana bibi ambaye hawezi kusimama mbele ya watu kumi akatoa neno la shukrani anaweza kutoa beti mbili za papo hapo kwenye harusi ya mjukuu wake. Kwenye hotuba angekuwa peke yake.

Pemba wana ngoma ya kibati, ambayo imelifikisha jambo hili ukingoni kabisa. Ni majibizano ya kuimba, ya haraka, yanayotungwa palepale juu ya mdundo wa ngoma, na waliobaki wanaingia kwa kiitikio na kwa kucheza. Mtu wa bara akisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani wamekariri. Kasi yenyewe haimpi mtu nafasi ya kukariri. Kinachomwezesha mshairi wa kibati ni kwamba yeye na anayemjibu na wote waliowazunguka wamelelewa na sikio moja.

Hilo sikio tusilipite haraka. Katika pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, mizani haifundishwi na mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu. Yeye huja kuipa jina tu. Mtoto amekwisha kuisikia kwenye kaswida, kwenye nyimbo za kubembelezwa, kwenye vugo ya harusi, wanawake wakipita uchochoroni na pembe za ng'ombe mkononi wakizigonga kwa vijiti. Nane kwa nane imo ndani yake kama hatua za kutembea. Mzee ambaye hakusoma hata darasa la kwanza atakwambia ubeti huu umepungua, meza mate uanze upya. Kwa hiyo anayetunga palepale hatungi mbele ya hadhira isiyojua. Anatunga mbele ya mafundi watupu, na furaha inayolipuka mstari unapokaa sawa ni furaha ya mafundi. Wamejua ugumu wake, wameuona ukivukwa.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wale wanaosifu ubunifu wa mtaani kwa kuuita huru, usio na kanuni, wa kuropoka tu kilichomo moyoni. Una kanuni nyingi kuliko fomu za ofisini. Tofauti ni kwamba kanuni zake zimo vichwani mwa wote waliokuja, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuzisoma kwa sauti kabla ya kuanza.

Chukua kidumbak cha Unguja. Vyombo vyake vingi unaweza kuvipakia kwenye gari moja dogo: vidumbak viwili, yaani zile ngoma ndogo zinazokaa kwenye mapaja, fidla moja, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga), na sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, lile lililokuwa likija na majani ya chai, likatobolewa, likafungwa kamba moja na mti. Mpigaji anaweka mguu mmoja juu yake, anauvuta mti kukaza kamba au kuilegeza, na besi inatoka. Nyimbo nyingi zinatoka kwenye taarab. Lakini taarab ya kukaa kitako ina heshima zake. Watu wameketi kwenye viti, wimbo unaanza, unakwenda kwa mwendo wa kiungwana, unaisha, wanapigiwa makofi. Kidumbak hakiishi. Mwimbaji anachukua ubeti wa wimbo huu, anaunganisha na wa wimbo ule, mwendo unapanda kidogo kidogo, wanawake wameshajifunga kanga viunoni na duara limeshaanza kuzunguka, na hapo katikati ya ubeti alioukopa anachomeka jina la shangazi wa bwana harusi ambaye ndiyo kwanza anasogeza kiti ainuke. Shangazi hawezi tena kukaa. Jina lake limetajwa, kiitikio kimelipokea, macho yote yako kwake. Anaingia katikati na kiuno chake cha miaka sitini, na mpigaji sanduku anambadilishia mdundo kwa ajili yake.

Nani ametunga dakika ile? Wimbo una mwenyewe, pengine ni wa klabu kubwa ya mjini na ulirekodiwa zamani. Uunganishaji ni wa mwimbaji. Mdundo uliobadilika ni wa mpigaji. Lakini uamuzi wa kubadilika ulitoka kwenye kiuno cha shangazi, na shangazi asingeinuka kama wanawake wale hawakumwitikia jina.

Hata kwenye taarab ya viti mwitikiaji hajakaa bure. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza kwenyewe ni sanaa ambayo sijaona ikipewa haki yake na wachambuzi. Mwanamke amekaa kimya nyimbo tatu. Unafika mstari mmoja, labda unamsema jirani mwenye kujigamba na vya kuazima. Anainuka. Hakimbii. Anapita katikati ya ukumbi, noti imeinuliwa juu, anazunguka kidogo mbele ya meza fulani ambayo haikuwa njiani kabisa, ndipo anafika jukwaani na kumpa mwimbaji. Mshairi aliyeandika mstari ule hakumjua mwanamke huyu wala jirani yake. Mwimbaji naye hana habari. Lakini ukumbi mzima sasa umeelewa mstari ule ni wa nani usiku huu. Yule mama ametunga bila kutoa sauti, kwa noti ya shilingi elfu mbili na njia aliyoichagua kupita.

Nisije nikaonekana napaka rangi tu. Furaha hii ina miba. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilipozagaa kutoka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanganyika, ikafuatana na askari wa Vita Kuu ya Kwanza hadi Tabora na mpaka Nyasaland (Malawi ya leo), ilikuwa na magwaride ya madaha, sare, na vyeo vya kujipachika. Mtu ambaye mchana alikuwa karani au kuli, jioni alikuwa mfalme au jenerali. Walijua kucheka na ukoloni kwa kuvaa nguo zake. Lakini Marini na Arinoti, pande mbili zilizoigawa miji ya Tanganyika, ziliviziana kwa karamu pia. Hawa wakichinja, wale nao lazima wachinje zaidi, na madeni yaliyobaki hayakuwa na kiitikio. Mombasa, vyama vya wanawake vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, na nyimbo zilimvua nguo mtu kwa mafumbo. Aliyevunja miiko ya mtaa alijikuta anaimbwa, na kila mtu alijua ni yeye ingawa jina halikutajwa. Miaka ya 1990 Dar es Salaam tuliliona jambo lilelile likiwa na spika kubwa zaidi, vikundi vya taarab na maigizo vya TOT upande huu na Muungano upande ule, Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo wakirushiana vijembe, na mashabiki wamegawanyika kama wa Simba na Yanga.

Kuna waliosononeka, nina hakika, na wapo walioshindwa kutoka nje kwa wiki kadhaa. Ila angalia jinsi mtaa ulivyojiwekea breki. Kijembe kilitolewa kwa fumbo, hivyo aliyelengwa alikuwa na mlango wa kutokea: angeweza kucheka na wengine kana kwamba hakimhusu. Halafu aliyekitoa alijua kwamba jibu linakuja, tena mbele ya watu walewale waliomwitikia yeye. Aliyekwenda mbali mno alikuta kiitikio kimepoa. Kupoa huko ndiko kulikomrudisha mtu kwenye adabu, mapema kuliko baraza la wazee.

Sasa tuangalie tulivyolivuruga duara.

Desemba 1962, akihutubia kama Rais mpya wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwauliza wasomi wa wakati ule, waliojua rumba na chachacha, ni wangapi kati yao waliowahi kucheza au hata kusikia gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Swali lilikuwa la haki na liliuma palipostahili kuuma. Kikafuata Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa 1981, hiki ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana walitoka mikoani, wakafundishana ngoma za makabila yao, na Mmakonde akacheza ya Wagogo vizuri kuliko Wagogo wengine. Bila juhudi ile ngoma kadhaa zingebaki kwenye madaftari ya wamisionari tu. Hilo siliondoi.

Lakini jukwaa lina pande mbili tu, mbele na nyuma. Ngoma iliyokuwa ikizungukwa na watu ikapangwa mstari, nyuso zikageuzwa upande wa mgeni rasmi. Iliyokuwa ikienda hadi alfajiri ikakatwa iwe dakika saba. Kiitikio wakapewa wachezaji wenyewe, waimbe na wajiitikie, maana mgeni rasmi na msafara wake hawakijui. Mstari wa papo hapo ukakosa kazi, kwa sababu mistari ilikuwa imekwisha kupitishwa. Tangu hapo, mtoto wa shule anayecheza ngoma kwenye sherehe za kiserikali anajifunza kwamba watu wazima wakicheza ngoma wengine wanakaa kwenye mahema wakinywa maji ya chupa. Kenya, ambako tamasha la muziki la taifa lilianza 1927 na shule hushindana hadi ngazi ya taifa, wanafunzi wanafanya mambo ya kusisimua sana, na majaji wanaandika alama. Umati hauhami.

Wakati jukwaa likiendelea na yake, uswahilini hakuna aliyesubiri kibali. Muziki wa mchiriku wa Dar es Salaam ulipata nguvu kwa kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, kikapitishwa kwenye vipaza sauti vinavyokwaruza mpaka kikawa na sauti ambayo kiwanda hakikuikusudia. Baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Manzese, Tandale na Mburahati, vijana wakachukua vipande vya taarab, wakavizungusha, wakaviharakisha hadi mapigo yapite 200 kwa dakika, na MC akachana juu yake. Hiyo ndiyo singeli. Nani angefikiri? Kidumbak kiliikopa taarab kikaipasha moto, na vijana wa Manzese, wengi wao bila kukijua kidumbak, wakafanya vilevile kwa kompyuta ya mtumba.

Mahali pake pa kuzaliwa ni vigodoro, zile sherehe za usiku kucha uchochoroni, turubai limefungwa kati ya nyumba na nyumba. MC wa kigodoro hana mashairi yaliyoandikwa. Ana majina. Anamtaja mama mwenye shughuli, anawataja kina dada wa mtaa wa pili waliokuja kwa Noah, anamtaja fundi wa pikipiki ambaye kila mtu anamdai. Kila jina linapotajwa kona moja ya turubai inalipuka, na mlipuko huo ndio unaomwambia alifuate jina hilo kwa mstari mwingine au aliache. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba wote wametokea katika mazingira hayo, na ukisikiliza vizuri rekodi zao za studio utagundua wanaacha nafasi ya mtu asiyekuwepo kujibu.

Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na haikuchukua muda vijana wale walikuwa wanapiga kwenye matamasha ya Ulaya. Nimefurahi kwa ajili yao na sina wivu. Kule wanapokelewa kama ajabu la kasi: mashine inayokimbia kuliko mashine nyingine. Wanaocheza kule wanacheza kweli, wanatoka jasho. Ila hakuna anayetajwa jina, na hata akitajwa hakuna kona itakayolipuka.

Serikali za mitaa na polisi wamekuwa na historia ndefu na vigodoro, ya kuvizuia, kuviruhusu kwa masharti na kuvizuia tena. Sababu zao si za kubuni. Watoto wadogo walikuwa wakikesha humo, baadhi ya uchezaji haukufaa mbele yao, na kuna jirani mwenye mgonjwa ndani. Tangu 2015 kuna kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo, na mtu aliyelala karibu na spika ya kigodoro hatahitaji kuelezwa faida yake. Tatizo langu ni kwamba tunapoizima spika hatuulizi tumezima na nini kingine. Spika ni suala la ukubwa na saa. Hilo linapimika na linajadilika. Duara ni suala la mahali. Viwanja vya wazi ambavyo mtaa ungeweza kuhamishia shughuli yake mbali na dirisha la mgonjwa vimejengwa fremu za maduka, na hili hatuwezi kumlaumu MC.

Kuhusu simu nitasema kifupi kwa sababu limesemwa sana. Mtu akirekodi, mkono mmoja haupigi makofi. Hiyo ni kweli na inakera. Lakini video fupi ambazo kijana wa Kahama anacheza, wa Mtwara anaidaka hatua yake na kuiongezea mguu, na wa Bujumbura anaichukua kutoka hapo, zina mwitikio wa kweli ndani yake. Sizidharau. Upungufu wake ni kwamba kiitikio kinakuja siku mbili baadaye, na manju ameshaenda kulala.

Kwangu mimi, adui halisi wa mwitikiaji ni ukumbi wa harusi.

Unaujua utaratibu. Kamati imekaa miezi mitatu, michango imekusanywa kwa kundi la simu lenye vitisho vya upole, kadi imeandikwa single au double. Ukiingia unapelekwa kwenye meza yako, viti vimevalishwa nguo, vyote vinatazama meza kuu. Kuna MC wa kulipwa, mcheshi, na ratiba yake ina dakika. Ni saa ya keki, ni saa ya shampeni, ni saa ya baba mlezi kutoa nasaha. Ukicheka unacheka alipokuruhusu. Watu mia tatu wanaopendana, wengi wao wana ngoma za kwao damuni, wanakaa saa tano wakitazama watu wanne wakila.

Kisha inafika zamu ya zawadi. Hapo ratiba inapasuka. DJ anaambiwa aweke wimbo, milango ya nyuma inafunguka, na kikundi cha kina mama wa kikoba kinaingia kwa sare, godoro liko juu ya vichwa vinne, wa tano amebeba kinu na mchi, wa sita ana sufuria moja ndani ya nyingine kama idadi ya wajukuu anaowataka. Hawatembei. Hatua mbili mbele, moja nyuma, godoro linapanda na kushuka. Mmoja anaanza kuimba wimbo tofauti kabisa na ule wa DJ, wenzake wanampokea, na baada ya nusu dakika DJ anashusha sauti kwa sababu amezidiwa. Upande wa mama wa bibi harusi ukiona hivyo hauwezi kukubali. Nao wanainuka bila kuitwa, kanga zinafungwa, jibu linakuja kutoka upande wa pili wa ukumbi, na jibu lina jina la bwana harusi ndani yake na shutuma ndogo kuhusu mahari. Ukumbi wote umesimama. Wahudumu wameweka chini sinia za soda. MC anasema "naomba tukae, naomba tuendelee", na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuna anayemsikiliza.

Hawa kina mama hawakufanya mazoezi ya wimbo ule. Walijua mwendo, walijua kiitikio, na walijua kwamba upande wa pili utajibu. Vilevile kwenye kichen pati, somo akiinua mwiko na kuuliza huu ni wa nini, majibu yanayotoka kwa wanawake waliomzunguka siwezi kuyaandika hapa, lakini yana mizani.

Kwa hiyo nikialikwa tena kwenye kamati ya harusi, na huwa naalikwa kwa sababu ya mchango wangu si kwa ushauri, nina hoja moja ya kuweka mezani. Viti vya upande mmoja vigeuzwe vitazame vya upande mwingine. Saa ya zawadi ianze mapema, saa mbili usiku na si saa tano wakati watu wanatafuta funguo za magari. MC alipwe chote alichoomba na aambiwe kwamba kwa saa moja na nusu hana kazi, akae ale. Mpiga ngoma mmoja atafutwe, hata wa mtaani, kwa fedha tuliyokuwa tumetenga kwa ajili ya fataki na moshi wa jukwaani. Najua mwenyekiti atasema ukumbi unafungwa saa sita na ratiba imejaa. Ratiba ninayo mkononi, mwenyekiti. Ina hotuba tano, na mbili ni zako.